Risasi ya Kumi na Moja

Kanyadhiang' ni kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka mji wa Kendu Bay, kwenye ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam. Hapo ndipo lilipokuwa boma la Hussein Onyango Obama kabla hajahamishia jamaa yake Kogelo, ng'ambo ya ghuba, na hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Barack, aliyekwenda Marekani kusoma. Tarehe 16 Januari 2013 mjukuu wa Onyango, akiwa rais wa Marekani, aliliomba Bunge la nchi yake mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa nambari tupu: magazini ya bunduki ya raia isibebe zaidi ya risasi 10. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, tarehe 14 Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, na muuaji alikuwa na magazini za risasi 30. Tarehe 17 Aprili 2013 pendekezo la risasi 10 lilikufa katika Seneti kwa kura 46 dhidi ya 54. Wengi wetu tuliisikia habari hiyo kama tunavyosikia habari za theluji: ya kweli, lakini si yetu. Ninayotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba nambari ile inatuhusu sana. Nyuma yake kuna swali ambalo kila jamii yenye bunduki lazima ilijibu, nalo ni hili: je, silaha iliyo mkononi mwa mtu ni haki yake, au ni amana aliyokabidhiwa na wenzake?

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu mjadala wa bunduki mara nyingi hupaa juu kwenye maneno makubwa na kusahau chuma. Magazini ni kijisanduku chembamba cha bati au plastiki kinachochomekwa ndani ya mpini wa bastola au chini ya bunduki. Ndani yake mna springi inayozisukuma risasi juu, moja baada ya nyingine, kila iliyotangulia inapofyatuliwa. Bastola ya Glock 17 hutoka kiwandani na magazini ya risasi 17; ndugu yake mdogo, Glock 19, hubeba 15. Risasi zikiisha, mfyatuaji hubonyeza kitufe, magazini tupu ikaanguka, akatafuta nyingine mfukoni au kiunoni, akaichomeka mpaka ilie, akaachilia chuma cha juu kirudi mbele ndipo apate kufyatua tena. Kwa askari hodari hilo ni jambo la sekunde mbili au tatu. Kwa mtu anayetetemeka, aliyezungukwa na mayowe, huenda zikawa kumi, na huenda magazini ikamponyoka. Sheria ya ukubwa wa magazini haifanyi lolote jingine ila kuamua kituo hicho kije mapema au kichelewe. Wanaoipinga husema ni jambo dogo. Wanaoitetea husema ni humo ndani ya kituo hicho ambamo watu hupona.

Ushahidi wa jambo hili upo, na ulio wazi kuliko wote ulitokea Tucson, Arizona, tarehe 8 Januari 2011. Mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akisalimiana na wapigakura nje ya duka. Kijana mmoja akaja na Glock 19 iliyotiwa magazini ya risasi 33, akazimaliza zote kwa muda wa sekunde kumi na tano hivi. Watu 6 waliuawa na 13 wakajeruhiwa. Alipojaribu kuchomeka magazini ya pili, watu waliokuwa karibu, wasio na silaha yoyote, walimrukia, wakamwangusha na kumnyang'anya. Miaka miwili baadaye Mark Kelly, mume wa mbunge huyo, aliieleza kamati ya Seneti mpangilio wa risasi zile: ya kwanza ilimpiga mkewe kichwani, na ya kumi na tatu ilimpiga Christina-Taylor Green, msichana wa miaka tisa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa kuifafanua. Kama kituo kingekuja baada ya risasi ya kumi, wale waliomrukia mtu yule baada ya thelathini na tatu wangepata nafasi yao kabla ya kumi na tatu. Wakati kamati inaambiwa hayo, mtoto yule angekuwa na miaka kumi na moja.

Msiba mmoja hautoshi kutunga sheria, na msomaji makini ana haki ya kuuliza kama Tucson ilikuwa bahati tu. Mwaka 2019 watafiti Louis Klarevas, Andrew Conner na David Hemenway walichapisha katika jarida la afya ya umma la Marekani uchunguzi wa mashambulizi makubwa ya bunduki yaliyotokea nchini humo kuanzia 1990 hadi 2017. Waliyahesabu 69. Yale yaliyotumia magazini kubwa yaliua, kwa wastani, asilimia 62 zaidi ya yale ambayo hayakuzitumia, na majimbo yasiyozipiga marufuku yalipatwa na mashambulizi ya aina hiyo mara zaidi ya mbili kuliko yaliyozipiga marufuku. Mtu anaweza kusema, na atakuwa amesema jambo la maana, kwamba anayetafuta magazini kubwa ndiye aliyekwisha kusudia kuua wengi, kwa hiyo huenda nia ndiyo iliyozidisha vifo, wala si chombo. Lakini Tucson inajibu sehemu ya hoja hiyo. Nia ya yule kijana ilikuwa bado imejaa pale risasi zilipomwishia. Kilichopungua ni uwezo, na watu wakapata mwanya.

Mbona basi nambari iliyo dhahiri hivyo ilishindwa Washington? Kwa sababu mjadala wa kule hauanzi na hesabu ya maiti, huanza na haki. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanataja haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema hiyo ni haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani kwake ajilinde. Mahakama hiyohiyo ilisema haki hiyo ina mipaka. Ndiyo maana California iliweka kikomo cha risasi 10, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya eneo hilo ikakiacha kisimame. Hata hivyo, penye haki kikatiba, mzigo wa kujieleza huiangukia serikali. Lazima ithibitishe kwa nini risasi ya kumi na moja izuiwe. Mwenye bunduki haulizwi anaitakia nini. Sheria ya taifa zima iliyoweka kikomo cha 10 mwaka 1994 ilipewa umri wa miaka kumi, na 2004 ikaachwa ife.

Kenya ilichagua njia nyingine, na inafaa tuijue vizuri kabla ya kuitamani ya wenzetu. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachompa mtu haki ya kubeba silaha. Kifungu cha 26 kinalinda uhai. Cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Cha 37 kinatoa haki ya kukusanyika na kuandamana, kisha kinaongeza masharti mawili: kwa amani, na bila silaha. Chini ya Katiba iko Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo humtaka kila anayeomba cheti cha kumiliki bunduki aonyeshe sababu ya kutosha, na ofisa anayetoa leseni aridhike kwamba kumpa hakutahatarisha usalama wala amani ya umma. Mlevi wa kupindukia hapewi, wala asiye na akili timamu. Silaha inayoendelea kutema risasi mpaka uachie kifyatuo au magazini iishe, raia haruhusiwi kabisa. Na cheti kikishatoka, hakitaji bunduki peke yake: hutaja pia idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaweza kununua na kuwa nazo. Yaani sheria yetu imekuwa ikihesabu risasi tangu zamani. Inamwambia mwenye bunduki kwamba amekabidhiwa kitu chenye idadi, na idadi hiyo inajulikana.

Hiyo ndiyo maana ya amana. Mtu akikuachia ng'ombe watano, anaporudi hakuulizi kama unapenda mifugo. Hukuuliza wako wangapi. Hoja yangu ni kwamba silaha ya raia nchini Kenya ni amana ya namna hiyo, kwamba amana hulindwa kwa hesabu, na kwamba hesabu tuliyo nayo haijakamilika. Tunahesabu watu: nani apewe, nani akataliwe. Tunahesabu risasi zilizomo kabatini. Inayobaki ni kuhesabu risasi zinazoweza kutoka kwa mkupuo mmoja, kabla ya mtu mwingine kupata nafasi ya kukimbia, kulala chini, au kumrukia mfyatuaji. Kikomo cha 10 kiandikwe waziwazi ndani ya sheria yenyewe kwa kila bastola ya raia, kisiachiwe busara ya ofisa wala desturi ya duka. Na tukishakubali kanuni hiyo kwa raia, hatuna budi kuifikisha mpaka kwa polisi, kwa sababu amana kubwa zaidi ya risasi iko mikononi mwao.

Pingamizi la kwanza ni zito, na yeyote anayeishi Nyanza analijua. Bunduki zinazoua Kenya, wasema wapinzani, hazina cheti. Shirika la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria kwamba mwaka 2017 kulikuwa na bunduki 750,000 hivi mikononi mwa raia wa Kenya, na kati ya hizo zilizosajiliwa zilizidi 8,000 kidogo tu. Kikomo cha magazini, basi, kitamfunga mtu mmoja mwaminifu na kuwaacha tisini hivi wasiosajiliwa wakitembea. Tena jirani yetu ametuonyesha jambo. Jioni ya tarehe 30 Aprili 2025, Charles Ong'ondo Were, mbunge wa Kasipul, eneo linalopakana na Karachuonyo yetu ya Kendu Bay, aliuawa ndani ya gari lake kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi. Mtu alishuka kwenye pikipiki, akaliendea gari, akafyatua risasi kwa karibu, akarudi kupanda. Muuaji wa namna hiyo hahitaji magazini ya risasi 33. Zilizomo katika bastola yoyote zinamtosha na kubaki.

Nakubali yote hayo, na nisingependa msomaji aondoke akidhani nambari 10 ingemrudisha mbunge yule Kasipul akiwa hai. Isingeweza. Kila kikomo kina msiba wake kinaoupunguza: kikomo cha magazini hupunguza idadi ya wanaoanguka pamoja, na dhidi ya muuaji wa kukodiwa kinachosaidia ni kujua bunduki na risasi zimetoka wapi. Lakini tazama pingamizi hilo linatupeleka wapi. Risasi hazichimbwi kama viazi kando ya Mto Awach. Kila moja ilitoka kiwandani, ikapita mpakani au ghalani, ikakabidhiwa mtu. Nyingine huletwa kwa magendo kutoka nchi zenye vita, nyingine huvuja kutoka maghala ya serikali au kwa wenye vyeti. Mahali pasipo na hesabu, uvujaji hauonekani, kwa sababu hakuna anayejua kilichopungua. Novemba 2016 serikali ilichoma moto bunduki haramu 5,250 huko Ngong. Zilikuwa nyingi, na zilionyesha kazi inawezekana, ingawa bado ndogo mbele ya makadirio yale. Kuwapo kwa bunduki zisizohesabiwa ni sababu ya kuongeza hesabu. Mwenye duka anayeibiwa hafungi daftari lake akasema daftari halikamati wezi.

Pingamizi la pili linatoka majini, na ndilo lenye uchungu zaidi kwa watu wa ufuo huu. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamelalamika kwa miaka mingi kuporwa injini na nyavu usiku na watu wenye bunduki, wakati msaada wa serikali uko mbali. Kwa nini mtu anayelisha jamaa yake kwa injini moja ya mkopo asiruhusiwe kubeba silaha? Dawa ya moto ni moto, husemwa. Mtazame basi mvuvi huyo akiwa kazini. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Taa, karabai zamani na za sola siku hizi, huelea juu ya maji ili kuwavuta samaki, na wanaume watatu au wanne hukaa kando ya mwanga huo wakiwangoja. Kila aliye ziwani anawaona. Wao hawaoni chochote nje ya duara la taa zao; macho yamezoea mwanga, na giza lililo nyuma yake ni ukuta. Anayekuja kupora huja kutoka gizani, amezima injini, ameshalenga. Mwenye bastola ndani ya mtumbwi uliomulikwa hana nafasi ya kuitoa, na akiitoa amewapa wanaomlenga sababu ya kufyatua kabla ya kuongea. Asipoitoa, itachukuliwa pamoja na injini, na kesho itatumika kwenye mtumbwi mwingine.

Hesabu ya ziwa, ukiifuata mpaka mwisho, inasema kwamba kuwagawia wavuvi bunduki ni kuwapelekea waporaji bunduki kupitia kwa wavuvi. Kinachomlinda mtu aliye ndani ya mwanga ni mtu mwingine aliye nje yake: boti ya doria yenye mafuta, walinzi wa fuo wanaojua zamu zao, nambari ya injini iliyoandikwa mahali ambapo mnunuzi wa wizi ataulizwa. Hivyo ndivyo vitu vya kudai kwa serikali ya kaunti na ya taifa, na kuvidai kwa sauti. Wazee waliosema dawa ya moto ni moto walisema pia kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali ya kwanza ni ya mtu mmoja aliyekasirika. Ya pili ni ya kijiji kinachotazama kitakachofuata.

Yuko atakayejibu kwa kutaja Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipoingia katika jengo lile la maduka Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa walionaswa walikuwa raia wenye leseni za bunduki, akiwamo Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Waliingia na bastola dhidi ya AK-47, wakatoa watu wakiwa hai. Ushujaa huo haupunguzwi na hoja yoyote, na ni ushahidi halali kwamba silaha ya raia inaweza kuokoa. Lakini uutazame vizuri. Watu wale walikuwa wamepimwa, wana vyeti, wanajua kutumia walichobeba, wakashirikiana na polisi waliovaa kiraia. Walikuwa wachache, na uchache wao ndio uliowawezesha kutambuana kati ya moshi na mayowe. Hebu fikiria mia mbili kati ya wateja wa siku ile wangekuwa na bastola, kila mmoja akifyatua kumwelekea yeyote aliyemwona na silaha. Westgate inatetea amana: watu wachache, waliochaguliwa, wanaojibika. Haitetei haki ya kila mtu. Wala hakuna katika kazi waliyoifanya kilichodai risasi ya kumi na moja ndani ya magazini moja, kwa sababu anayefyatua ili kumfunika mtoto anayekimbia huchagua kila risasi.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa kuwa mizizi yake imo katika makaburi ya Nyanza. Linasema: anayetuua si jambazi peke yake, anayetuua ni serikali. Mnamo tarehe 25 Oktoba 1969 walinzi wa Rais Jomo Kenyatta waliufyatulia umati risasi mjini Kisumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na 405 kati yao walikufa kwa risasi, zaidi ya theluthi moja. Katika Nyanza risasi ndizo zilizoua wengi kuliko silaha nyingine yoyote. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao Kaunti ya Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Mbele ya orodha kama hiyo, mtu anayeuliza kwa nini raia awe mikono mitupu hastahili kubezwa.

Jibu langu ni kwamba mikono mitupu ndiyo iliyoyafanya mauaji hayo yajulikane kuwa mauaji. Kama kungalikuwa na bunduki nyumbani kwa akina Ojwang, maafisa waliokwenda kumchukua wangepata hadithi ambayo nchi hii imeisikia mara nyingi, ya mshukiwa hatari aliyejibu kwa risasi, na huenda faili lingefungwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kusingizia, uchunguzi wa maiti uliweza kusema wazi kwamba majeraha yale hakujitia mwenyewe, nchi ikasimama, na maafisa wa polisi wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji. Tazama tena tarehe 25 Juni 2024. Vijana waliojaa barabarani walishika simu, chupa za maji na bendera. Siku iliyofuata rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Sidhani kama kuna aliyeweza kuupata ushindi huo kwa bastola. Bastola moja ikionekana katika umati ingemgeuza kila aliyekuwapo kuwa adui wa kijeshi, na risasi zilizopigwa zingepata utetezi zilioukosa. Waandishi wa Kifungu cha 37 hawakuandika maneno bila silaha ili kuwadhoofisha waandamanaji. Waliyaandika ili risasi inayompiga mwandamanaji isiwe na kisingizio.

Na tunao mfano wa upande wa pili, ndani ya nchi yetu. Katika kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa raia wana bunduki za kivita kwa vizazi kadhaa sasa, na serikali haiwezi kuwatisha kirahisi. Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipowafuata wezi wa mifugo. Kama silaha mikononi mwa raia huleta uhuru, basi Suguta ingekuwa nchi huru kuliko zote Kenya. Badala yake ni mahali ambapo shule hufungwa kwa hofu, ambapo mchungaji mdogo hubeba AK-47 kwa sababu mchungaji wa jirani anayo, na ambapo serikali huja kwa operesheni, haiji na zahanati. Silaha zile hazikumzuia mtawala. Zilimpa sababu ya kuja kama jeshi, na kati ya operesheni moja na nyingine huelekezwa kwa majirani.

Kwa hiyo atakayekataa kuwapa raia silaha dhidi ya serikali lazima awe mkali maradufu juu ya silaha za serikali, vinginevyo anawaambia wanyonge wavumilie. Hapa napo sheria imeandikwa kuliko inavyofuatwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aliyetumia bunduki amripotie mkubwa wake na kueleza mazingira yake, na pakiwa na kifo au jeraha baya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ijulishwe. Maana yake ni kwamba risasi ya polisi nayo ina daftari. Askari akitoka kambini asubuhi na magazini ya risasi kadhaa na kurudi jioni akiwa na pungufu, lazima awepo mtu wa kumwuliza zilikwenda wapi, na jibu liandikwe, na mama aliyempoteza mtoto aweze kulisoma. Siku hesabu hiyo itakapofanywa kila jioni katika kila kituo, kuanzia Kendu Bay hadi Central, ndipo raia atakapoombwa kuwa bila silaha kwa haki.

Limebaki pingamizi la historia. Sheria ya Silaha, wasema wengine, ni urithi wa mkoloni, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari ili Mwafrika asiwe na meno. Ni kweli, na ukweli wake una sura ya mtu. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na kosa alilohukumiwa kwalo lilikuwa kupatikana na bastola moja na risasi sita. Mkoloni naye alihesabu risasi. Lakini kosa la hesabu yake lilikuwa wapi? Alihesabu za upande mmoja tu. Risasi sita za Kimathi ziliandikwa mahakamani moja moja, huku za vikosi vilivyopita Nyeri na Murang'a zikikosa wa kuulizwa. Tukiifuta hesabu kwa sababu mkoloni aliitumia vibaya, tutakuwa tumeondoa daftari na kuacha dhuluma. Kinachomkomboa Kimathi ndani ya sheria ni daftari moja kwa wote: la mbunge na la mvuvi, la tajiri wa Nairobi na la askari wa zamu, lenye kikomo kilekile kinachosomeka na kila mtu.

Nambari 10 yenyewe haina utakatifu. Canada imeweka 10 kwa bastola na 5 kwa aina nyingi za bunduki ndefu zinazojipakia zenyewe. Colorado iliweka 15. Bunge letu laweza kubishana juu ya 8 au 12 na lisikose. Lisichoweza kukosa ni kukubali kwamba pana mahali pa kukomea, na kwamba mahali hapo pamewekwa kwa ajili ya mtu asiye na bunduki. Mwenye bunduki anajua risasi zake kumi atazielekeza wapi, au anadhani anajua. Ile ya kumi na moja humwendea mtu ambaye hakuwa katika ugomvi: mama anayepanga omena kwenye mkeka karibu na gati la Kendu, kondakta anayening'inia mlangoni mwa matatu ya Oyugis, mtoto aliyetumwa chumvi. Kituo kile cha sekunde chache, magazini tupu ikianguka na nyingine ikitafutwa, ni kifupi mno kwa anayefyatua kukijali. Kwa mtoto aliyetumwa chumvi kinatosha kufika nyuma ya ukuta wa duka.